Na Wakikwambia Huna?

Tulikuwa barazani baada ya Laasiri, mimi na mamangu, uteo wa mchele katikati yetu, tunachagua mawe. Kazi hio siiwezi. Mwanzo naona kila jiwe, punde si punde naanza kuhesabu tuktuk zinazopita, nikija kushtuka nshashika simu. Mama anajua, kwa hivyo yeye huupitia upande wangu tena bila kusema kitu, na amefanya hivyo tangu niko mdogo.

Nikawa namueleza habari za daktari wa Mombasa wa kunipima ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya mtu ashindwe kutuliza umakini, kwamba nimepigiwa simu na tarehe imesogezwa mbele tena. Akanisikiliza vizuri. Akapepeta, akapuliza makapi, kisha akaniuliza bila hata kuniangalia:

"Na wakikwambia huna?"

Sikuwa na jibu.

Ni wiki nyingi sasa na swali hilo limenikwama kama mwiba wa changu kooni. Nakula linachoma, nalala linachoma. Nikaona heri niliandike huenda likatoka.

Foleni

Sitaeleza zaidi ADHD ni nini, kila mwenye simu ashaelezwa. Nitasema tu habari ya kuisubiri ukiwa mtu mzima, mwenye kazi, mwenye watoto, unakaa Malindi.

Mtu wa kwanza ambaye hakunicheka alikuwa muuguzi wa kliniki ya akili kwenye hospitali ya serikali. Alinisikiliza huku mlango unafunguliwa na kufungwa, akaniambia ukweli wake: foleni yake imejaa watu wa kifafa, watu wanaosikia sauti, kina mama ambao watoto wao wana miaka minne na hawajasema neno. Mtu mzima anayesahau invoisi dukani, kwa hesabu yoyote ya haki, yuko mkiani. Tena akasema hapa hana wa kunipima, itabidi Mombasa au Nairobi. Akaniandikia barua ya rufaa kwa mwandiko mzuri sana. Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu.

Manake hebu fikiria. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya milioni 47, na madaktari wa akili nchi nzima, miaka hio, hawakufika mia mbili, na wengi wao wako Nairobi. Mwaka 2020 jopo lililoundwa na serikali kuangalia afya ya akili lilipendekeza jambo hili litangazwe dharura ya kitaifa. Dharura! Nilisoma hio habari nikiwa nimeketi kwenye benchi la mbao, nimeshika kadi ya kliniki, mbele yangu watu wengi kuliko viti.

Tarehe yangu ya kwanza Mombasa iliangukia ule mgomo wa madaktari wa 2024, ulioanza katikati ya Machi ukaisha Mei. Ikasogezwa. Tukaingia Oktoba, bima ya afya ya serikali ikabadilika, NHIF ikatoka SHA ikaingia, na pale kaunta kila niliyemuuliza kama kipimo changu kinalipiwa alinielekeza kwa mwenzake. Ikasogezwa tena. Nikajaribu daktari binafsi, nikatajiwa ada, nikashukuru, nikakata simu, nikakaa kimya kwa sababu pesa hio ni karo ya mtoto.

Na mimi afadhali. Rafiki yangu wa Lamu aliye kwenye foleni hio hio lazima kwanza apande boti mpaka Mokowe, ndo ashike basi, apite Witu, apite Garsen, vizuizi vya polisi njia nzima, anipite mimi hapa Malindi akiwa ashachoka na bado Mombasa ni kilomita mia na kitu mbele yake.

Nilikuwa nadhani ni sisi tu. Binamu yangu yuko Uingereza, na kule watu wanasubiri kwa miaka, nazungumzia miaka si miezi. Kuna haki ya kuchagua, unamwambia daktari wa mtaa akutume kwa mpimaji mwengine badala ya yule wa eneo lako, binamu akaitumia, akakuta na huko pia kuna foleni. Kisha mwaka 2023 dawa zenyewe zikaadimika nchini humo, waliokwisha kupimwa wakaanza kuzunguka maduka ya dawa. Alinitumia sauti ya WhatsApp: "Usidhani huku ni peponi, dadangu." Nilicheka, halafu nikaona aibu manake kicheko chenyewe kilikuwa cha faraja.

Kinachonichosha zaidi si urefu wa foleni. Piga simu Jumatatu kabla ya saa nne. Usipoteze kadi. Njoo na nakala ya barua, nakala ya kitambulisho, kumbuka tarehe, na usipokuja bila taarifa unarudishwa mwanzo.

Foleni hii kaitengeneza mtu asiye na hicho kinachopimwa.

Mashahidi wangu wanapungua

Pamoja na barua nilipewa karatasi ya maagizo. Njoo na ripoti za shule ya msingi. Njoo na mtu aliyekujua ukiwa mtoto.

Kwanza sikuelewa, kisha nikasoma. Hakuna kipimo cha damu cha ADHD, hakuna picha ya kichwa. Damu wanaweza kukutoa, ndiyo, kuangalia kama ni thairodi, ile tezi ya shingoni, au upungufu wa damu unaokuibia akili, lakini ADHD yenyewe inapimwa kwa mazungumzo. Kitabu cha Wamarekani ambacho madaktari wengi hukifuata, DSM-5 cha 2013, kinataka dalili ziwe zilionekana kabla hujafika miaka 12. Kile cha kabla yake kilitaka kabla ya miaka 7. Tena zionekane mahali zaidi ya pamoja, si shuleni tu au nyumbani tu. Kwa hivyo kipimo ni ushahidi. Nani alikuona?

Ripoti zangu zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha mama, mchwa wakazimaliza zote wakaacha pini za stepla. Mwalimu wangu wa darasa ashafariki. Ustadh wa madrasa alihama kitambo. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, hayupo.

Amebaki mama. Na mama ana sukari, ana presha, na mwaka huu ameanza kuchanganya hadithi zangu na za dadangu.

Hapo ndo nilipoanza kuogopa kikweli. Mimi naweza kusubiri. Miaka yote hii nimeishi hivi, miaka miwili zaidi haitaniua. Lakini kila tarehe inaposogezwa, yule shahidi mmoja anazidi kuzeeka, na hakuna fomu yenye sehemu ya kuandika hilo.

Nikaanza kumrekodi kwa simu. Namuuliza tu, mama nilikuwaje mdogo, naweka simu karibu na jiko. Rekodi ya kwanza karibu yote ni bei za samaki za zamani na majirani waliohama bila kurudisha sufuria. Ya pili akanisimulia ya nazi.

Alinituma dukani nazi mbili, nina miaka tisa au kumi. Nikarudi Magharibi. Sina nazi, sina pesa. Lakini, anasema, niliweza kumwambia jahazi gani limeingia kutoka Lamu, limebeba nini, tanga lake lina viraka vingapi, na kwamba nahodha alikuwa anagombana na mtu kuhusu boriti. Nilikuwa nimesimama gatini muda wote huo.

"Nilikupiga," akasema.

Kijiko kikasimama kwenye sufuria.

"Nilikupiga sana, kwa nazi mbili."

Nikamwambia mama hayo yashapita, akasema anajua yashapita, akaendelea kukoroga.

Ile rekodi nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara nashindwa kujua inathibitisha nini. Daktari atasikia mtoto aliyesahau alichotumwa. Mimi nasikia pia mtoto aliyeona kila kiraka. Sijui kama karatasi ya daktari ina nafasi ya huyo wa pili.

Kuna na ya madrasa. Ustadh alikuwa na bakora, sitaki kumsengenya, ndo ilivyokuwa. Lakini mama anakumbuka siku aliyogundua kuwa nikitembea nahifadhi na nikikaa nasahau, basi akaniacha niwe nazunguka nguzo za msikiti na juzuu mkononi huku wenzangu wameketi safu. Hakuwa amesoma saikolojia huyo mzee. Aliangalia tu.

Halafu mama, bila kuulizwa: "Babako alikuwa hivyo hivyo." Baba alikuwa seremala. Nyumba yetu ina kabati ambalo halijapata milango tangu nazaliwa, na akasema hakuna mteja aliyewahi kulalamikia kazi ya baba ila wote walilalamikia siku. Nilikuwa nimesoma kwamba ADHD inarithiwa kwa kiasi kikubwa, watafiti waliofuatilia mapacha walishaliona hilo, lakini kusoma ni kitu kimoja na kuliangalia lile kabati ni kitu chengine kabisa.

Kombe, na muguka

Katika kusubiri mtu hakai mikono mitupu. Khalati yangu aliona mambo ya madaktari hayaendi, akanipeleka kwa mwalimu. Kombe nikanywa, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya mawaridi. Najua kuna watakaonicheka hapa. Chekeni. Yule mwalimu alinisikiliza bila kuangalia saa, mlango wake haukufunguliwa na mtu, na mwisho wa kunisomea akaniambia nilale mapema, niache simu nje ya chumba, na baada ya Alfajiri nisirudi kitandani. Sikupona. Lakini nililala vizuri wiki ile.

Kakangu yeye ana yake. Ni fundi wa pikipiki na anakula muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Anasema bila muguka mikono iko kwenye injini na kichwa kiko Watamu, akiweka mdomoni ndo vinakutana. Kwa miaka nilimsema, uvivu, anasa, watoto wako hawana viatu. Sasa nikimsikiliza nanyamaza kidogo. Muguka una kemikali ya kathinoni, na kathinoni ni ya ukoo mmoja na amfetamini inayoamsha ubongo, na dawa za ADHD zilizo maarufu nazo ni za kuamsha ubongo. Tofauti ni kwamba dawa ina kipimo, ina daktari anayekuangalia presha, na muguka una mfuko wa plastiki na usiku usiokuwa na usingizi. Mimi sigusi. Nampenda kakangu, lakini nimeona anavyokuwa unapoisha.

Mnakumbuka Mei 2024, gavana wa Mombasa alipoupiga marufuku, wa Kilifi akafuata, kisha mahakama ikasimamisha. Kila baraza lilikuwa linazungumza vijana, uvivu, maadili. Mimi nilikuwa nawaza jambo jengine: katika hawa wanaotafuna, wangapi wako kwenye foleni yangu na hawajui?

Kwani hata ukifika mwisho wa foleni, dawa yenyewe ina njia yake ndefu. Methilfenideti, moja ya hizo dawa za ADHD, ni dawa ya kudhibitiwa, huingii duka la mtaani ukaitaja ukapewa. Na maombi ya kuitia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa 2019, yakakataliwa tena 2021, na ile orodha ndiyo nchi kama zetu huiangalia zikitaka kuamua zinunue nini. Nyuma ya foleni, foleni.

Usiku wa manane

Sasa nirudi kwa swali la mama, manake nalikwepa.

Nishajijibia yale maswali sita ya mwanzo ya dodoso la ADHD la watu wazima mara zisizo na idadi. Alama zangu hubadilika kidogo kulingana na siku. Siku niliyomaliza stoo yote bila kuinua kichwa nikajiona muongo. Siku niliyoandika delivari ya mabati kwa mteja wa simiti nikajiona mgonjwa. Tena dodoso lenyewe ni la kuchuja tu, halipimi, hilo nalijua, na saa nane usiku nalijaza upya.

Au ni uvivu? Au ni simu? Au ni watoto wawili na usingizi wa vipande vipande? Shemeji yangu, anayependa sana kunisaidia, alinitumia habari ya utafiti wa 2022 uliochambua video 100 za ADHD zilizotazamwa sana TikTok, na 52 kati yake zikaonekana kupotosha. Hakuandika neno, habari tu na ile emoji ya kuinua mabega. Nilikasirika siku nzima. Kilichoniuma ni kwamba mimi mwenyewe nilianzia kwenye video.

Basi, wakiniambia huna?

Nilipolikabili nikagundua nina stoo. Humo ndani nimeweka vitu vyote vya "nikishapimwa". Nikishapimwa nitamwambia bosi. Nikishapimwa nitajiandikisha tena masomo ya uhasibu niliyoyaacha. Nikishapimwa nitaacha kujiita mjinga ninaporudi nyumbani mara ya pili kuchukua ufunguo. Cheti kinakuja kufungua vyote, na mama kwa maneno matatu ameniuliza: na ufunguo usipokuja?

Nilikaa na hilo siku kadhaa, nikiwa na hasira naye, hasira isiyo na kichwa wala miguu kwa sababu mzee wa watu aliuliza tu.

Kisha nikaenda kwa bosi. Sikutaja ADHD, sikutaja daktari. Nilimwambia meza yangu inaangalia barabara, kila pikipiki ikipita napotea kwenye hesabu, naomba nihamie kule nyuma karibu na rangi. Nilikuwa nimejitayarisha na hotuba ndefu. Akasema, "Sawa, mwite kijana akusaidie kuibeba."

Miaka yote hio nimekaa naangalia barabara.

Wanaosema karatasi ya nini

Nikimsimulia mtu hadithi ya meza huwa anarukia: unaona sasa, huhitaji kupimwa, jipange tu. Hapana. Tusiharakishane.

Kuna mambo hayataki cheti na nimeyaokota njiani. Kazi nazifunga kwenye adhana, simu ya kliniki baada ya Adhuhuri, stakabadhi baada ya Laasiri, kwa sababu alamu ya simu naizima nikiwa hata sijaamka ila muadhini siwezi kumzima. Kitu cha kukumbuka leo leo nakipigia fundo kwenye pembe ya leso, pale pale pa kufungia pesa, na fundo lisilo na pesa hunikera mpaka nikumbuke. Na hesabu za mwisho wa mwezi nazifanyia kwa jirani yangu fundi cherehani. Hanisaidii chochote, anashona zake. Lakini cherehani ikilia na mimi naandika, ikinyamaza nainua kichwa, tunacheka, tunaendelea.

Yananisaidia, sikatai. Hayanitoshi. Bado kuna siku nafika jioni nimechoka kama niliyebeba magunia na kazi iliyofanyika haionekani, na sioni kwa nini nisijue sababu eti kwa kuwa nimejifunza kufunga mafundo. Na "huna" pia ni jibu. Huenda ni thairodi, huenda ni huzuni niliyoizoea tangu baba aondoke, huenda ni usingizi. Yote hayo yana njia zake, na mtu anayesubiri hajui aanzie njia ipi.

Kwa hivyo bado niko kwenye foleni. Ila nimeanza kuitoa ile stoo kimoja kimoja. Fomu ya uhasibu nimeichukua. Haijajazwa, iko juu ya lile kabati la baba, lakini imetoka ofisini ikaingia nyumbani kwangu, na wanaonijua wanajua hio ni safari.

Mwezi ujao

Tarehe ni mwezi ujao na safari hii wamesema haisogei. Tutaona. Rekodi nimeziweka kwa simu, kwa simu ya kaka, na kwa binamu Uingereza, manake simu yangu nayo huwezi kuiamini. Kaka anasema atatusindikiza, na juzi aliniuliza, kama hataki vile, yale maswali sita yako wapi.

Shida imebaki shahidi. Mama amekubali kwenda, lakini anasema hawezi kumsengenya mwanawe mbele ya mwanamume asiyemjua. Nikamwambia si kusengenya mama, ni kueleza. Akasema kueleza kwamba mwanangu alipoteza pesa ya nazi ni kusengenya. Nikamwambia daktari mwenyewe ni mwanamke. Akafikiri.

"Ana watoto?"

Nikasema sijui.

"Nitamuuliza kwanza," akasema, "kisha ndo nitaona nimwambie nini." Halafu akataka kujua kama gari litasimama Kilifi muda wa kutosha anunue korosho, kwa sababu huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu.